Makuta yaliyokuwa yakirudi tukizima mashine

Jumamosi moja, jua likiwa linazama, simu yetu ililia. Alikuwa mama mtunza sanduku wa kooperative moja ya akiba hapa Lubumbashi, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

«Ba papa, mukuje mbio. Masini imeplanta tena. Na leo kuko mama mumoja hapa, anasema mimi niko mwizi.»

Tulipanda pikipiki. Hatukuwa na haki ya kukawia, maana programu ile ni sisi wenyewe tuliiandika, sisi watatu wa ukurasa huu, miaka mitatu kabla. Wanachama wa kooperative ni wauza unga, wauza ndakala, mafundi wa viatu, mama wa makala. Kila mmoja anaweka kidogo kidogo, na anayetaka anaweza kuhamisha akiba yake kwenda kwa mwanachama mwingine bila kushika noti mkononi. Kwa miaka miwili hakuna aliyelalamika. Halafu ghafla, bila sisi kubadilisha hata herufi moja ya programu, ikaanza kuanguka.

Kuanguka kwenyewe kulikuwa hivi. Jioni, wakati wa kufunga, programu inajumlisha akiba ya watu wote na kulinganisha na daftari la operesheni. Hesabu mbili zikikataana, inajifunga. Tuliiandika hivyo kwa makusudi: heri isimame kuliko kuendelea na hesabu mbovu. Lakini kwa mama mtunza sanduku ilikuwa ni dirisha linalotoweka na maandishi mekundu yanayobaki. Alijifunza dawa yake mwenyewe: zimisha, washa. Akiwasha tena, hesabu zinakubaliana, siku inafungwa, anaenda nyumbani. Alifanya hivyo mara tano au sita bila kutuambia, na hatuwezi kumlaumu, kwa sababu hata sisi kwa mashine zetu tunafanya vile vile.

Siku ile ya simu lakini kulikuwa na mtu mbele yake. Mama muuza unga alikuwa amehamisha franka 40 000 kwenda kwa mdogo wake, naye mdogo alikuwa amesimama pale pale. Skrini ilionyesha akiba ya mkubwa imepungua 40 000. Akiba ya mdogo haikuongezeka hata franka moja. Mama mtunza sanduku akazima mashine, akawasha, na makuta yakatokea kwa mdogo. Alifikiri amemaliza shida. Kumbe ndiyo kwanza ameianzisha! Mama muuza unga alipiga kelele mpaka barabarani: makuta yanayotoka na kurudi mtu akigusa kifungo, si kuna mkono unaoyashika hapo katikati? Kama hatungekuja kupiga kelele, si yangelala kwa yule kesye?

Ukiwa hujui namna mashine inavyofanya kazi, hoja hiyo haina kasoro hata moja.

Tulipofika, jambo la kwanza tulilofanya ni kufungua faili lenyewe la akiba na kulisoma kwa macho, mstari kwa mstari, mbele ya wale mama wawili. Franka 40 000 zilikuwa mahali pake, kwa mdogo. Na daftari la operesheni lilionyesha zimeandikwa kabla ya mashine kuzimwa. Kwa hiyo makuta hayakutoka kamwe. Skrini ndiyo iliyosema uongo, faili likisema kweli. Mama mtunza sanduku alikaa chini, akafuta uso kwa kitambaa chake. Mama muuza unga yeye hakuridhika sana. «Sasa masini inadanganya, na ninyi njo mulitengeneza masini,» alisema. Hatukuwa na jibu.

Usiku ule tulianza kutafuta. Hapa inabidi tueleze kidogo, na msomaji asiyependa mambo ya kompyuta atuvumilie.

Programu yetu haisomi faili la akiba kila mara inapotaka kuonyesha kitu. Inalisoma mara moja, inaweka nakala kichwani mwake, na baada ya hapo inaonyesha kutoka kwenye nakala. Nakala hiyo ndiyo wanaita kashe. Ni kama muuza duka anayekariri bei badala ya kufungua kitabu kwa kila mteja. Shida inakuja bei ikibadilika kitabuni. Basi kabla ya kuonyesha, programu inauliza mfumo wa kompyuta: lile faili limeguswa tangu niliposoma? Mfumo haufungui faili. Unatazama tu kile kilichoandikwa pembeni yake, ukubwa wake na tarehe na saa ya kubadilishwa kwa mwisho. Vikiwa vile vile, programu inasema hakuna jipya, nakala yangu ni nzima.

Bahati yetu kubwa, ambayo hatukuipanga kwa akili sana, ni kwamba wakati wa kuandika, programu ilisoma faili lenyewe, si kashe. Kashe ilitumika kwa kuonyesha na kwa ile hesabu ya jioni tu. Ingekuwa inaandika kutoka kwenye kashe, makuta ya watu yangefutika kweli kweli, na habari hii ingeandikwa na mtu mwingine, katika ukurasa wa mahakama.

Tulirudia uhamisho ule ule kwenye mashine yetu nyumbani. Mara mia. Kila mara sawa. Mmoja wetu akasema ni umeme: kule ofisini unakatika, kwetu hapa kuna betri. Tukaomba orodha ya siku za kuanguka na siku za kukatika umeme. Jibu likatuchanganya kabisa. Siku ambazo umeme ulikatika mchana, jioni programu ilifunga hesabu vizuri! Ilianguka siku ambazo umeme ulikaa. Nani angefikiri? Lakini ukiisha kujua habari ya kashe inaeleweka: umeme ukikatika, kichwa cha programu kinafutika, na ukirudi inasoma faili upya. Delestaji ilikuwa inatusaidia kuzima na kuwasha bila mtu kutuma simu.

Kitu cha pili tulikiona kwenye daftari la operesheni. Kila jioni ya kuanguka, operesheni ya mwisho ya siku ilikuwa uhamisho. Si kuweka, si kutoa. Tulitazama siku kumi na mbili za shida, na kwa zote ilikuwa hivyo. Uhamisho una kitu ambacho kuweka na kutoa havina: unaandika mara mbili. Kwanza programu inapunguza kwa mtumaji na kuchora skrini upya, halafu inaongeza kwa mpokeaji na kuchora skrini tena. Yote hayo ndani ya sekunde moja.

Basi tukaongeza mistari michache katika programu, ili kila inapouliza habari ya faili iandike pembeni majibu iliyopewa: saa, ukubwa, na pia sahihi ya yaliyomo. Sahihi hiyo ni hesabu inayogeuza faili zima kuwa namba moja ndefu. Ukibadilisha tarakimu moja tu ndani, namba yote inageuka. Tulirudi kooperative, tukaweka programu hiyo, tukangoja wiki moja.

Karatasi tuliyopata inatosha kufundishia darasa. Andiko la kwanza la uhamisho: saa 16:42:14. Andiko la pili: saa 16:42:14. Ukubwa: ule ule. Sahihi: mbili tofauti kabisa. Faili mbili zisizofanana zenye kitambulisho kimoja! Ukubwa haukuweza kusaidia, maana sisi wenyewe tulipanga kila mwanachama awe na mstari wa urefu mmoja, nafasi tupu zikijazwa sifuri. Ukiandika 90 000 juu ya 50 000, faili halirefuki wala halifupiki. Daftari la operesheni lenyewe halikutusumbua kamwe, kwa sababu linaongezeka mstari kwa kila operesheni, na ukubwa wake unatangaza kila badiliko.

Lakini kwa nini nyumbani ilikuwa sawa? Aliyeona ni yule mdogo kati yetu, ambaye ana tabia ya kusoma namba kama mtu anayetafuta chawa. «Bayaya, mutazame sekunde. 14, 36, 08, 52, 20. Hakuna hata moja isiyo shufwa.» Tulipitia karatasi yote. Kweli. Kwa wiki nzima, hakuna faili lililobadilishwa kwenye sekunde ya 15 wala ya 37 wala ya 09.

Tulimwuliza mama mtunza sanduku: hili faili liko wapi? Akafungua mkoba wake, akatoa fleshi. Miezi mitano kabla, wezi waliingia nyumba ya jirani wakabeba kompyuta. Kamati ikaamua vitabu visilale ofisini tena. Kila asubuhi anachomeka fleshi, kila jioni anaichomoa na kwenda nayo nyumbani ndani ya kitambaa. Hakutuambia, kwa sababu aliona fishye ni fishye, iwe ndani ya masini ama ndani ya fleshi. Hata sisi hatukuwahi kumwambia kwamba kuna tofauti.

Tofauti ipo, na ni ya zamani. Fleshi nyingi za sokoni zimepangwa kwa utaratibu wa FAT, uliorithiwa kutoka enzi za MS-DOS. Humo saa ya kubadilishwa kwa faili imepewa biti 16 tu. Saa zinachukua 5, dakika zinachukua 6, zinabaki 5 kwa sekunde. Biti 5 zinahesabu mambo 32, na sekunde ziko 60. Basi waliopanga walikata katikati: wanaandika nusu ya sekunde, na ukisoma unazidisha kwa mbili. Ndiyo maana fleshi haijui sekunde ya 15. Kila kitu kinachotokea ndani ya sekunde mbili kwake ni wakati mmoja. Diski ya mashine yetu nyumbani ilipangwa kwa NTFS, ambayo inaandika saa kwa vipande vya nanosekunde 100, na maandiko mawili yakapata saa mbili. Mara chache kule ofisini mpaka wa sekunde mbili uliangukia katikati ya maandiko, na uhamisho ukaonekana vizuri. Mara chache hizo ndizo zilizofanya wote waseme mashine ina pepo.

Tulifurahi mno, tukakimbilia dawa ya haraka: tukaweka kungoja kwa sekunde tatu kati ya andiko la kwanza na la pili. Wiki mbili kimya. Tukajisifu kwa bia.

Halafu akaja mkaguzi kutoka Kinshasa. Alichukua fleshi, akaichomeka kwenye kompyuta yake ndogo yenye nakala ya programu yetu, akasahihisha makosa mawili ya zamani, akairudisha. Kwenye mashine ya ofisi, marekebisho yake hayakuonekana. Mkaguzi akamtazama mama mtunza sanduku kwa jicho ambalo tayari tulilijua.

Nchi yetu ina saa mbili. Kinshasa ikiwa saa nne asubuhi, Lubumbashi ni saa tano. Mkaguzi hakubadilisha saa ya kompyuta yake alipotoka kwenye ndege, na FAT inaandika saa ya ukutani bila kusema ni ukuta wa mji gani. Alisahihisha saa 11:10 ya hapa, fleshi ikaandika 10:10. Kashe ya ofisi ilikumbuka faili la saa 10:50. Na sisi, kwa ujinga wetu, tulikuwa tumeandika programu iulize: je, faili ni jipya kuliko nakala yangu? Saa 10:10 si mpya kuliko 10:50. Kwa hiyo faili lililosahihishwa likahesabiwa kuwa la zamani. Swali sahihi lilikuwa: je, linatofautiana na nakala yangu? Alama moja tu katika programu, na tuliikosea.

Ni vizuri tuseme pia kwamba kwa kompyuta za zamani, zile tunazonunua za mitumba, kijipili cha ndani kinachotunza saa huwa kimekwisha. Mashine inaamka na tarehe ya miaka mingi iliyopita, na faili utakaloandika leo litaonekana la kale kuliko la jana. Kijipili hicho, CR2032, kinapatikana kwa mafundi wa saa.

Tusijione wajinga peke yetu. Tangu 1976, Stuart Feldman alipotengeneza programu ya Make kule Bell Labs, waandishi wa programu duniani kote wanauliza tarehe ya faili ili kujua kama kazi irudiwe. Na tangu wakati huo tarehe imewaangusha. Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, inakumbuka ukubwa na saa za faili, lakini ikikuta faili ambalo saa yake si ya kabla ya kumbukumbu zenyewe, haiamini. Inafungua na kusoma yaliyomo. Wale wa PHP, katika kashe yao iitwayo OPcache, walichagua kukataa kuweka faili ambalo halijafikisha sekunde mbili tangu liguswe. Sekunde mbili, kama zile za fleshi yetu! Python kwa muda mrefu ilitegemea saa na ukubwa, na kuanzia toleo 3.7, mwaka 2018, ikaruhusu kutumia sahihi ya yaliyomo badala yake. Hata Linux, ambayo inaweza kuandika nanosekunde, kwa kawaida ilichukua saa kutoka kwenye mpigo wa mashine, unaokuja kila baada ya milisekunde chache. Mabadiliko mawili ndani ya mpigo mmoja yalipewa saa moja. Kuanzia toleo 6.13, mwaka 2025, imepata njia ya kuandika saa kali zaidi pale tu mtu alipokwisha kuiuliza.

Na faili likiwa kwenye mashine nyingine kupitia mtandao wa NFS, jibu lenyewe linaweza kuwa limelala: mashine inayouliza inatunza habari za faili kwa sekunde 3 mpaka 60 kabla ya kuuliza tena. Huko kuna kuanguka kubaya kuliko kwetu. Wenye seva ya Apache wameandika onyo wazi kwamba faili likifutwa au kukatwa wakati seva imeliweka moja kwa moja kwenye kumbukumbu yake, seva inaweza kufa hapo hapo. Inaamini faili bado lina urefu ule, inanyoosha mkono mahali ambapo hakuna kitu tena.

Tukirudi kwa kooperative yetu. Tulipanga dawa ya maana: namba ya toleo kwenye mstari wa kwanza wa faili, inayoongezeka kila andiko, na sahihi ya yaliyomo wakati wa kufunga. Tukaanza kuandika. Katikati ya kazi, mmoja wetu akauliza swali ambalo tungeuliza siku ya kwanza: kusoma faili zima kunachukua muda gani? Wanachama ni 600 na kidogo, kila mstari herufi 80. Jumla haifiki hata herufi 50 000. Tulipima. Jicho halikuwahi kupepesa. Kashe ile tuliiweka miaka mitatu kabla kwa sababu tulisoma mahali kwamba programu nzuri ina kashe. Haikuwa inaokoa chochote.

Tuliifuta. Mistari mia moja na zaidi ya programu tukaitupa, na kungoja kwa sekunde tatu tukakutoa. Uhamisho wenyewe sasa unaandikwa kwenye faili la pembeni, pande zote mbili kwa pamoja, na likikamilika ndipo linapewa jina la faili la kweli, ili asiwepo mtu wa kusoma nusu ya kazi. Hata hivyo kwenye fleshi, mtu akiichomoa katikati ya tendo hilo, hatuwezi kuapa. Tumemwomba mama mtunza sanduku anakili faili kwenye diski kila jioni, na tumeandikia kamati barua tukieleza, kwa majina yetu matatu, kwamba kosa lilikuwa la programu na si la mkono wake. Barua ilisomwa katika mkutano. Mkaguzi naye ameweka saa yake ya Lubumbashi.

Mama muuza unga bado anaweka akiba pale. Kila akihamisha kitu kwa mdogo wake, anakaa kwenye benchi na kungoja. «Mama kesye, uzimishe, uwashe, nione,» anasema. Mama mtunza sanduku anazima, anawasha, wote wawili wanatazama skrini. Halafu anapewa risiti yake na kuondoka.